Uzi: Mchanga wa korongo ndilo tangi letu la maji Dodoma, na tunaliuza kwa tripu

#1 Fundi_Pampu_Bahi

Mbukwenyi wakuu.

Uzi huu nimekaa nao moyoni tangu kiangazi kilichopita. Leo niko chini ya mkwaju namsubiri mteja aliyesema "nipo njiani" saa mbili asubuhi, na sasa ni saa sita, basi acha niuandike.

Mimi ni fundi wa pampu na visima. Mwaka wa 14 huu nashusha na kupandisha mabomba Bahi, Chamwino, Kongwa, mpaka vijiji vya Chemba. Kila ninapofika naulizwa swali lilelile: "Fundi, maji yako chini kiasi gani?" Hajatokea hata mmoja wa kuniuliza ya juu yalikwenda wapi.

Tuanzie hapo. Dodoma tunapata wastani wa milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Milimita moja ikidondoka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Ekari ina mita za mraba kama 4,000. Shamba la ekari moja la mzee wangu hunyeshewa lita zaidi ya milioni mbili kila mwaka, na mzee huyohuyo ikifika Oktoba ananunua dumu kwa kijana wa guta.

Mvua yetu haina adabu. Inakuja kwa kishindo saa moja au mbili, inakuta ardhi iliyopigwa jua miezi saba imekuwa kama sakafu, inateleza na kuondoka. Jioni korongo linanguruma, hakuna wa kuvuka. Kesho yake saa nne mtoto anapita na viatu vyake. Upande wa mashariki maji yale yanaingia Kinyasungwe, yanashuka Gulwe kwenda Kilosa, na huko wanaokaa kando ya reli wanayajua vizuri; mwanzoni mwa 2010 yaliikata reli ya kati vibaya. Upande wa pili mto Bubu unamwaga kwenye mbuga ya Bahi, ndiyo maana sisi wa Bahi tuna majaruba ya mpunga katikati ya nchi kame. (Mgeni ukimtajia mchele wa Bahi anadhani unamtania.)

Na yale yanayobaki wazi, jua linayanywa. Uvukizi wa huku unapita milimita 2,000 kwa mwaka. Lambo la kina cha mita mbili, hata asikanyage ng'ombe mmoja, jua peke yake linaweza kulimaliza.

Ila kuna mahali jua halifiki. Ndani ya mchanga.

Nikiwa mdogo bibi alikuwa anatuamsha alfajiri twende korongoni mwezi wa tisa, juu kukavu kabisa, vumbi tupu. Anachagua mahali, anafukua kwa mikono, mchanga unaanza kuwa baridi, halafu mbichi, halafu yanachuruzika. Anakaa. Hana haraka. Anachota kwa kata, kata moja moja, maji meupe kama yamechujwa na kitambaa. Ndoo ikijaa anafunika shimo kwa majani ya mkuyu. Mimi nilidhani bibi ana dawa. Hakuwa na dawa. Maji yakishazama kama mita moja ndani ya mchanga, uvukizi unakaribia kukoma. Na mchanga wenye chenga kubwa unatunza: mita moja ya ujazo ikiwa imeshiba, unaweza kuchota robo yake, lita kama 250. Yale mengine yanang'ang'ania kwenye chembe.

Sasa pigeni hesabu na mimi. Tipa la tani saba hubeba mchanga mita za ujazo nne na ushee. Robo yake ni lita 1,000 na kitu. Kila tipa linalopanda kutoka korongoni kwenda mjini limebeba nafasi ya lita elfu moja ambayo ilikuwa inajazwa bure kila masika. Tangu serikali ianze kuhamia kweli mwaka 2016, hapa kila kukicha kuna msingi mpya, na msingi hauli ugali, unakula mchanga.

Mwaka jana nimekwenda kulitazama korongo la bibi. Sehemu tatu mwamba uko nje, unang'aa. Akina mama wanatembea mpaka kwenye pampu ya mkono ambayo naitengeneza mimi, na nawatoza. Hapo ndipo roho ilipokataa kutulia.

Mteja amefika. Narudi jioni.

#2 MjukuuWaTembe

Mkuu umenirudisha mbali. Kwetu shimo la watu lilizungushiwa miiba na punda hawasogei, la mifugo lilikuwa chini kabisa linakoelekea korongo. Ukikutwa unafulia nguo karibu na shimo la watu, wazee wanakuita, unalipa mbuzi. Hakuna aliyekuwa na karatasi wala mhuri.

Na tusisahau mji wenyewe jina lake limetoka kwenye maji. Wazee wanasema tembo alikwenda kunywa, akazama kwenye tope, wakasema "idodomya", amedidimia. Mji uliopewa jina kwa sababu ya tope leo unanunua maji ya boza!

#3 Dereva_Tipa

Nguruwe hukaangwa kwa mafuta yake, leo ndiyo nimeelewa. Fundi, mimi ni huyo mwenye tipa. Nina watoto wanne, nalipa ushuru kijijini na risiti ninazo, napakiwa mchanga na vijana wa kijiji hichohicho ambao nao wanakula. Wewe nyumba yako umejenga kwa mchanga wa mwezini?

#4 mwana_udom

Hahaha #3 kauliza swali zito. Natia nanga.

#5 Mama_Nyemo

Mie sina tipa wala korongo, nina nyumba ya bati Chamwino na mgao. Maji yanatoka siku mbili kwa wiki, na wakati mwingine hizo siku mbili nazo ni hadithi. Bati langu ni kama mita za mraba 60, tuko sita. Fundi, nikinunua matangi, mvua itatutosha au nitapoteza hela?

#6 Fundi_Pampu_Bahi

Nimerudi.

Dereva, ndugu yangu, sikukwepi. Nyumba yangu ina tripu sita za mchanga wa korongo, nimejenga 2017, na dereva nilimnunulia soda. Kwa hiyo mimi na wewe tuko tipa moja. Sisemi mchanga usichimbwe, mji utajengwa tu. Nasema usichimbwe palepale watu wanapochota maji, na usichimbwe mpaka kwenye mwamba. Yapo makorongo yanajaza mchanga mpaka karavati zinazibika na barabara inakatwa. Huko mkichota mnasaidia hata barabara. Tatizo ni kwamba tipa huenda njia ilipo nzuri, na njia nzuri ndiyo ileile akina mama wanayopita na ndoo.

Mama Nyemo, shikamoo kwanza maana sijui umri wako. Hesabu hii hapa: 60 mara 550 ni lita 33,000. Toa moja ya tano ya kurukia nje, kuvuja kwenye gata na maji ya kwanza ya kuoshea bati: inabaki 26,400. Watu sita kwa lita 20 kila mmoja ni 120 kwa siku. Mei mpaka Novemba ni siku 214, sawa na lita 25,680. Bati lako linawavusha kiangazi kizima na chenji inabaki!

#7 JiolojiaKavu

Fundi, hesabu ni safi lakini umemuuzia mama mbuzi kwenye gunia.

Kwanza, hao watu sita Januari hawaogi? Mwaka mzima kwa lita 120 ni lita 43,800, na paa linaleta 26,400. Ukitumia ya bati wakati wa mvua, kiangazi unaanza na pungufu. Pili, ili uvuke siku 214 kwa maji hayo unahitaji kuhifadhi lita 25,000 na zaidi: matangi matano ya lita 5,000. Mama ana bajeti hiyo?

Mimi ningemwambia hivi. Maji ya mvua yawe ya kunywa na kupikia tu, lita 40 kwa siku kwa familia nzima. Siku 214 ni lita 8,560. Matangi mawili yanatosha, na akianza na moja bado amekata nusu ya shida. Kufua, kuoga, choo, hayo atumie ya bomba au ya kisima.

Kuna sababu nyingine ya kufanya hivyo, na kwa mkoa wetu na Singida ndiyo kubwa kuliko zote. Visima vyetu vingi vinapita kwenye miamba ya graniti, na baadhi vina floridi nyingi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, mtoto ambaye meno ya kudumu bado yanajengeka ndani ya ufizi huota meno yenye madoa ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa inaathirika. Kuchemsha hakuiondoi. Unapochemsha maji yanapungua na floridi inabaki, kwa hiyo unaikoleza. Maji ya mvua hayana kitu hicho. Mwenye kisima kilichopimwa kikakutwa na floridi na ana watoto wadogo, hayo maji ya bati ni yao kabla ya mtu mwingine yeyote.

#8 Fundi_Pampu_Bahi

Kofi nimelipokea. Mama Nyemo fuata ya #7. Niongeze ya kifundi tu: gata iwe na mteremko, usikubali fundi aipige laini kwa macho. Weka kipande cha bomba la kusimama chenye kofia chini ili mvua za mwanzo zishukie humo na vumbi na vinyesi vya njiwa, unafungua kofia unamwaga. Tangi lifunikwe lisipitishe mwanga, la sivyo utafuga ukijani. Mdomo uwe na wavu wa mbu. Ya kunywa bado chemsha au tia dawa ya klorini.

#9 mwana_udom

Naomba kuuliza bila kuchekwa. Kuna video nimeona: unachimba shimo, unaweka kikombe katikati, unafunika kwa plastiki, unaweka kijiwe juu, jua linatoa maji ardhini yanadondokea kikombeni. Kwa nini vijijini wasifundishwe hii? Pia nimesikia mbuyu una maji ndani, na Dodoma mibuyu tumejaaliwa.

#10 JiolojiaKavu

Mdogo wangu, shimo la plastiki linafanya kazi kweli, lakini kwa siku nzima utapata nusu lita, ukibahatika sana lita. Jasho la kuchimba lile shimo saa nane mchana Dodoma linaweza kuwa zaidi ya hapo. Hiyo ni ya mtu aliyepotea, tena achimbe usiku.

Mbuyu ni habari nyingine. Kordofan, huko Sudan, watu waliutoboa mbuyu kwa juu, wakauchonga ndani ukiwa hai, masika wakaujaza maji na kuyatumia kiangazi. Ulikuwa tangi, si kisima. Mti haukuwapa maji, uliwatunzia. Wetu ukiutoboa leo utakuta nyuzi mbichi zenye unyevu, na mwenye shamba nyuma yako ana rungu.

#11 Zabibu_Chungu

Naomba tuhame kwenye ndoo tuje shambani, maana wengi wetu maji tunayahitaji kwenye mtama na mizabibu zaidi ya tunavyoyahitaji kwenye kikombe.

Hapa karibu na mjini kuna kijiji kinaitwa Chololo. Kuna vishimo vinaitwa kwa jina lake, vilianza kwa mkulima wa palepale. Kishimo kina upana wa sentimita 20 na kitu, kina kama 30. Ndani unaweka majivu kidogo kufukuza mchwa, samadi, mabua, unarudishia udongo bila kujaza mpaka juu, unapanda mbegu mbili tatu. Mvua ikija kwa fujo zake, kila kishimo kinakamata chake. Jirani aliyelima kwa trekta tambarare maji yanampita kama abiria wa treni, mwenye vishimo yanashuka stesheni kwake. Nilipanda uwele hivyo msimu ambao mvua ilikata wiki tatu Februari. Wangu ulinywea lakini ulisimama. Sitaji magunia, maana humu mkitajiwa magunia mnabishana mpaka asubuhi.

Kazi yake ni ngumu, sidanganyi. Kuchimba ekari nzima kwa jembe la mkono kiangazi ni adhabu. Lakini vishimo vikishakuwepo, mwaka unaofuata unafukua tu.

Kwenye zabibu nilikuwa namwagilia kwa ndoo kuzunguka shina, maji yote yanaishia juu. Siku hizi nafukia chupa ya plastiki iliyotobolewa karibu na mizizi, mdomo juu, najaza jioni. Ni umwagiliaji wa matone wa masikini.

#12 Kondoa_Irangi

Mkitaja ardhi iliyopigwa ikawa sakafu, mje Kondoa. Mwaka 1973 ulianza mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, kwa msaada wa Sweden. Mashimo ya mmomonyoko yalikuwa yanameza nyumba. Walichimba makinga maji (matuta ya kukatiza mteremko) kwa matrekta, wakapanda miti, na bado ikashindikana, mpaka 1979 serikali ilipoamua mifugo yote itoke kwenye eneo lililoharibika. Baba yangu anasimulia kwa uchungu, ng'ombe walihamishwa kama wanaofukuzwa msikitini. Lakini anasimulia pia kwamba majani yalirudi yenyewe, mengi kuliko waliyoyapanda. Makorongo yaliyokuwa yanashuka kwa hasira yakatulia, watu wakalima humo ndani viazi na miwa, kwa sababu chini kulikuwa na unyevu.

Sisemi tufukuze ng'ombe wa watu leo. Nasema waliyoyachimba kwa trekta yalishindwa na majani.

#13 JiolojiaKavu

#12 umegusa mahali pazuri. Angalieni mabwawa ya zamani ya huku. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti walipima mabwawa ya Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi, wakakuta yanajaa tope kwa kasi ambayo ingeyapa umri wa miongo michache tu. Hombolo la mwaka 1957 lipo bado, linatupa kambale na perege, lakini nalo linajaa tope, na maji yake yana chumvi. Ukichimba bwawa chini ya mlima uliopara, unachimba shimo la kutunzia udongo wa jirani.

Na kwa mnaodhani mji unaishi kwa maji ya mbali: sehemu kubwa ya maji ya Dodoma mjini kwa miaka yote imetoka Makutupora, visima virefu hapo kaskazini. Kina cha maji pale kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950, na kumbukumbu ndefu namna hiyo ni adimu Afrika. Zinaonyesha kwamba maji hayaingii chini kidogo kidogo kila mwaka. Miaka mingi kinashuka tu. Halafu unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa, kama El Niño ya 1997/98, kinapanda ghafla na kufidia miaka ya kushuka. Yanaingilia wapi? Kwa sehemu kubwa kwenye mikondo ya mito ya msimu, maji yanapopita juu ya mchanga siku nyingi mfululizo. Fundi alianza na ndoo ya bibi, ila mchanga huohuo ndio mlango wa kisima cha mji.

#14 Dereva_Tipa

Sasa #13 ndiyo nasikiliza. Yaani mkondo ukibaki mwamba mtupu maji yanapita tu?

#15 JiolojiaKavu

Mwamba usio na nyufa, ndiyo, yanateleza kama kwenye bati. Mchanga unayachelewesha, yanapata muda wa kutafuta nyufa.

#16 Nizwa_Kariakoo

Salaam kutoka Oman. Nimekaa Nizwa miaka tisa, naendesha gari la kampuni. Huku mvua ni ya kubahatisha, Dodoma yenu kwao ni masika. Lakini mji una falaji, mfereji unaotoka kwenye maji ya chini ya mlima, unateremka kwa mteremko mdogo mpaka kwenye mitende bila pampu wala umeme. Falaj Daris ya hapa Nizwa ni moja ya tano ambazo UNESCO iliziingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, na Oman nzima zinazotumika bado ni kama 3,000.

Kilichonishangaza si mfereji, ni zamu. Maji yanagawanywa kwa muda. Zamani mchana walipima kwa kivuli cha mti uliosimikwa, usiku kwa nyota. Mtu anarithi dakika zake kama anavyorithi shamba, anaweza kuzikodisha. Na sehemu ya kwanza mfereji unapotokeza ni ya kunywa, halafu msikiti, halafu kuoga, shamba mwishoni. Hakuna anayeanza kuosha gari juu ya mahali pa kunywa. #2 aliposema mbuzi wa faini nilicheka, maana ni sheria ileile, wao waliiandika tu.

#17 MjukuuWaTembe

#16 hiyo ya nyota imenimaliza. Sisi zamu ya bomba la mtaa tunapima kwa matusi.

#18 Mama_Nyemo

Na anayechelewa kwa sababu ananyonyesha anakuta foleni imemezwa na vijana wa maguta. Hiyo nayo iandikwe.

#19 mwana_udom

Fundi, turudi kwenye kutafuta. Mtu akitaka kuchimba kisima kwake anajuaje maji yapo? Kuna mzee huku anatembea na waya mbili zilizokunjwa, zikipishana anasema hapa.

#20 Fundi_Pampu_Bahi

Waya nina kidonda nazo. Mwaka 2015 mteja wangu aliuza ng'ombe, akamwita mpimaji wa waya. Waya zikapishana, watu wakapiga makofi, mimi pia nilipiga. Tukaleta mashine, tukashuka mita 90, tukatoa unga mweupe kama wa muhogo. Yule mzee wa waya alisema tumekosea kwa hatua mbili. Ng'ombe hawakurudi. Tangu siku hiyo simchimbii mtu kwa waya hata akinipa nyongeza.

Kwa macho unaweza kuanza hivi: mkuyu mkubwa uliosimama na majani mabichi mwezi wa kumi hausemi uongo sana, mizizi yake inapenda maji. Mbuyu usiuamini, ule unaishi kwa akiba yake mwenyewe. Tazama mahali makorongo mawili yanapokutana, mahali mwamba unapokatiza mkondo na mchanga kurundikana nyuma yake, na mahali wanyama wanapofukua. Tembo wa Ruaha hufukua mchanga wa mito iliyokauka na kunywa, nao hawana waya. Hayo yote ni kwa maji ya karibu. Maji ya mita 60 chini mkuyu hauyajui.

#21 JiolojiaKavu

Kwa kisima kirefu, lipia upimaji wa mtaalamu mwenye kifaa cha umeme. Anasimika vyuma ardhini, anapitisha umeme, anasoma ardhi inaukataa kiasi gani. Mwamba mzima unaukataa sana, mwamba uliooza na wenye maji unaupitisha. Hata hivyo si hirizi: maji ya chumvi na udongo wa mfinyanzi navyo vinapitisha vizuri, kwa hiyo dai mtu anayejua kutafsiri, na maji yakipatikana yapelekwe maabara kabla hujaita wageni.

Usisahau kibali. Maji ya chini si mali ya mwenye kiwanja, yanasimamiwa na bodi za mabonde. Dodoma tumegawanyika: upande wa Kinyasungwe ni Wami/Ruvu, Bahi na Bubu ni Bonde la Kati ambalo ofisi yake iko Singida, na wanaoelekea Mtera wako Rufiji. Uliza uko upande gani kabla ya kuita mashine.

#22 Kondoa_Irangi

Fundi, umelalamikia mchanga vizuri. Haya, unarudishwaje?

#23 Fundi_Pampu_Bahi

Nilikuwa naisubiri hii.

Ukambani Kenya, Machakos na Kitui, wamejenga kuta ndani ya makorongo kwa miaka mingi, mamia kwa mamia. Unatafuta mahali mwamba uko karibu na korongo limebanwa. Unajenga ukuta wa mawe na saruji kukatiza mkondo, umekaa juu ya mwamba wenyewe na mabawa yake yameingia kwenye kingo pande zote mbili. Mafuriko yakija yanabeba mchanga na tope. Mchanga ni mzito unazama nyuma ya ukuta, tope jepesi linapita juu na maji. Ukishajaa una korongo lilelile, ila sasa lina kina, na maji yamelala ndani yake. Kando unachimba kisima kifupi unaweka pampu ya mkono, au bomba linapita chini ya ukuta na kutokea kwenye koki.

Wanapokosea wengi ni kujenga ukuta wote mara moja. Ukiwa mrefu tangu mwanzo, maji yanatulia nyuma yake, tope nalo linazama, na tope halitoi maji. Jenga nusu mita, subiri masika ijaze mchanga, ongeza. Kosa la pili ni mabawa mafupi: mto unazunguka ukuta na unabaki na mnara wa kumbukumbu katikati ya mchanga. Kosa la tatu ni kujenga mahali mlima wa juu umeparwa, maana utakusanya udongo tu. Kwa hiyo yale ya #11 na #12, vishimo na majani, pamoja na visiki vinavyoachwa vichipue, ndiyo yanayotangulia ukuta.

Ili makinga maji yakae sawa si lazima uite mtaalamu: vijiti vitatu umbo la A, kamba na jiwe katikati. Kamba ikipita kwenye alama, miguu miwili iko kimo kimoja. Nimepima shamba la mzee kwa hicho, nusu siku.

Wengine wanasubiri bwawa la Farkwa na maji ya Ziwa Victoria. Yakija nitashangilia, na kazi ya pampu nitaipata. Korongo letu halisubiri.

Tumeongea na wazee wa kijiji. Mawe yapo, vijana wapo, saruji tunachangishana. Mahali tumechagua ni pale pa bibi, mwamba umeshatoka nje wenyewe, angalau hapo tipa zimetusaidia kuuona.

#24 Dereva_Tipa

Umeanza kunichokoza tena.

Mawe mnayatoa umbali gani?

#25 Fundi_Pampu_Bahi

Kilomita nne, kilimani. Tulikuwa tunafikiria punda.

#26 Dereva_Tipa

Punda watakufa. Jumamosi sina tripu. Mafuta mtaweka nyie, kuendesha nitaendesha bure, mara hii moja.

#27 Mama_Nyemo

Jamani! Picha mtuletee. Na fundi, ile gata yangu usiisahau, wingu limeanza kukusanyika huku.

#28 Fundi_Pampu_Bahi

Mama, Jumatatu niko kwako na mteremko wangu mkononi.

Dereva, nimekutumia mahali ulipo mkuyu. Tipa uliache juu barabarani, usishuke nalo mchangani.